Jina Kabla ya Kunawa Uso

Pale kwetu ufukoni, mutu akikandamizwa usingizini, hakuna anayemuuliza alilala namna gani wala amechoka kiasi gani. Wanamuuliza neno moja tu: nani? Na wanamuuliza mbio, kabla hajanawa uso, sababu wanasema maji yakigusa macho, jina linaondoka. Jina la kwanza litakalotoka katika kinywa chake, hilo ndilo. Likishatoka halirudi. Hata alie, hata aape, limetoka.

Mwezi wa nane wa mwaka 1976, jina lililotoka lilikuwa langu.

Bon. Nianze kwa kusema mimi ni nani, maana wengi wamelitafuna jina langu bila kunijua. Mimi ni Germaine. Nilizaliwa Pweto, ng'ambo ya ziwa, upande wa Zaire. Siku ile serikali ya kwetu ilipokataza majina ya ubatizo, karani wa ofisi aliniambia nichague jina la mababu, kwa vile Germaine amekwisha kufa. Nilimujibu kwamba Germaine hajafa, anasimama mbele yako na anaona umevaa shati kinyume. Mwezi uleule nilivuka kuja Zambia pamoja na mume wangu Nkulu na masufuria yetu. Nkulu alikufa mwaka wa pili kwa homa ya manjano machoni, tukamuzika nyuma ya kanisa. Mimi nilibaki. Nilijenga nyumba ya vyumba viwili na tanuri la kukaushia samaki, matofali nikiyafinyanga kwa mikono hii. Nanunua makobo, samaki wa ziwa hili, kwa wavuvi wa hapa, nakausha, nawauzia Wakongomani wanaokuja na mashua. Na wavuvi nasema Kiswahili cha biashara. Kibemba changu ni cha kugombana. Cha kusifu bado najifunza.

Lackson alikuwa muvuvi wa kwanza kuniuzia samaki. Mutu mukubwa wa mwili, mupole wa maneno, mwenye mitumbwi miwili. Muke wake, Eness, ndiye rafiki yangu. Nilimuita Bana Mwewa, kwa jina la mutoto wake wa kwanza, namna Wabemba wanavyoheshimiana, na yeye aliniita Mama Zelemeni, sababu ulimi wake ulishindwa na jina langu. Nkulu alipokufa, Eness alilala kwangu wiki tatu nzima, akanilisha kwa mukono kama mutoto mudogo. Ninayasema haya ili ujue habari hii iliniuma wapi.

Mwaka ule mwenzake Lackson wa mutumbwini alishikwa na malaria, akaenda kwao Chienge kuuguzwa. Lackson akabaki peke yake na kazi ya watu wawili. Usiku mzima yuko mu ziwa, asubuhi anatoa samaki, kisha anashona nyavu zilizopasuka, halafu saa sita ya muchana analala kidogo juu ya ubao, chali, kando ya nyavu zake. Saa moja, pengine saa moja na nusu. Miezi miwili alikwenda hivyo. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mutu aliyekaa juu ya moshi wangu.

Siku moja nilikuwa pale ninachagua samaki, nikamuona amelala na macho yamefunguka. Anatazama juu. Mwili umekauka kama ule ubao aliolalia, na kooni mwake kunatoka sauti ndogo, nyembamba. Ninaijua sauti ile. Nimeitoa mimi mwenyewe mara nyingi. Nilitupa samaki chini, nikamushika bega nikamutikisa, na Lackson akaamka kwa nguvu, jasho linamutiririka, akinitazama kama haniamini.

Sasa hapa ndipo nilipokosa, kama kumusaidia mutu ni kosa. Nilikaa karibu naye nikamweleza. Nilimuambia kitu hiki kinanijia tangu nikiwa musichana wa miaka kumi na mine. Unaamka lakini huamki. Unaona chumba, unaona mulango, unasikia kuku nje, na hakuna kidole kinachosogea. Na kuna uzito kwenye kifua, na mutu yuko ndani ya chumba. Humuoni vizuri, lakini unajua yuko, na unajua hakupendi. Nilipokuwa musichana nilifikiri nitakufa. Mujomba wangu Fabien, aliyekuwa infirmier, muuguzi, ku hospitali ya Pweto, ndiye aliyenifungua akili. Alinieleza kwamba mutu akiota, ubongo unaufunga mwili, vile muvuvi anavyofunga mutumbwi kabla ya kulala ili usichukuliwe na mawimbi. Bila kamba ile, muvuvi anayeota anavua angepiga kasia kitandani na kumuvunja muke wake meno. Lakini siku nyingine, hasa mutu akichoka kupita kiasi, macho yanaamka kabla kamba haijafunguliwa. Ndoto haijaisha, na wewe uko macho. Huwezi kuvuta pumzi kwa nguvu unavyotaka, ndiyo sababu kifua kinakuwa kizito. Ubongo unaogopa, na ukiogopa unatafuta mutu wa kulaumu, unamutengeneza palepale.

Nilimupa na dawa ya mujomba. Usilale chali, lala ubavu. Lala saa za kutosha. Kikikujia, usipigane nacho, tafuta kidole kimoja tu cha muguu, kisogeze, vingine vitafuata. Jioni nikamweleza na Eness hivyohivyo, ili amugeuze mume wake akimuona amelala chali. Nikaenda kulala nikiwa na furaha, najiona mwanamuke wa maana.

Kumbe Eness aliyapeleka maneno yangu kwa ndugu za mume. Na wao wakajiuliza: huyu mugeni anaujuaje ugonjwa, na dawa anayo tayari? Anayejua mulango ulipo si ndiye anayeingia?

Walifanya desturi yao. Walimulaza Lackson chali, kweli kabisa, chali, mikono imenyooshwa, wakamunyunyizia unga wa muhogo kwenye kifua ili anayekuja kumukalia aache alama. Wakakaa kumungojea. Mutu amechoka hivyo, analazwa chali, anaambiwa kuna mulozi anakuja, watu sita wamemukodolea macho. Hata mimi ningekandamizwa. Hata wewe. Saa saba hivi kikamujia, akatoa ile sauti, wakamutikisa, na kabla hajafuta jasho wakamuinamia wote pamoja: nani?

Akasema: "Zelemeni."

Walitazama unga wakaona umefutika kidogo chini ya kidevu. Wakasema ni kisigino changu. Kisigino changu mimi. Navaa viatu vya mwanaume, na ile alama, walionieleza walisema haikupita urefu wa kidole gumba.

Kesho yake shefu wa kijiji, muzee Chishimba, aliniita kwenye mukutano. Chishimba hakuwa mutu mubaya, na hilo ndilo lililonichokesha. Mutu mubaya unamutukana, unalala vizuri. Huyu alisema polepole, koti lake la kanisani limefungwa vifungo vyote, na mbele ya kijiji chote akanipa njia mbili. Ya kwanza, niseme maneno matatu, "Ni mimi, nisameheni", nioge ziwani watu wakitazama, na yatakwisha, nitakaa na biashara yangu. Ya pili, nikikataa, siku ya posho, ndiyo Jumamosi, mashua ya wachuuzi inarudi Pweto, na mimi nitakuwa ndani yake. Siku hiyo ya mukutano ilikuwa Jumatano. Nilikuwa na siku tatu.

Nilimuuliza kama yeye ameniona nikimukalia mutu. Alisema apana. Nilimuuliza kama kuna yeyote ameniona. Akasema Lackson. Nikasema Lackson alikuwa amelala. Akasema ndiyo, ndiyo maana aliona. Alors, na mutu wa namna hiyo utabishana vipi?

Jioni Eness alikuja kwangu. Hakukaa, alisimama mulangoni na kitambaa chake mukononi. Alilia sana. Alisema yeye hakutaka hivi. Alisema anajua mimi si mulozi, au anafikiri anajua, lakini jina limetoka, na jina likitoka lazima liende mahali. "Ni maneno matatu tu, Mama Zelemeni," aliniambia. "Yaseme, uoge, tuendelee kuishi." Nilimuuliza kama ni rahisi hivyo, kwa nini hayasemi yeye. Nilimufungia mulango usoni, na nilifanya hivyo kwa hasira, sitadanganya.

Usiende kufikiri sikuyafikiria yale maneno. Niliyafikiria sana. Nyumba yangu, tanuri langu, kaburi la Nkulu. Ng'ambo kule sina hata ukuta mumoja. Maneno matatu ni nini? Pumzi tu. Asubuhi nilikuwa karibu kuyasema, ukweli wa Mungu.

Lakini nilikwenda kwanza kwa Dorica. Dorica ni mujane, nyumba yake ni ya mwisho kabla ya matete. Miaka kumi na moja iliyopita jina lake pia lilitoka katika kinywa cha mutu aliyelala, naye alisema maneno matatu, akaoga, akasamehewa. Tangu siku ile hakuna aliyemufukuza. Wanamusalimia. Wanampa samaki wadogo bure. Lakini hakuna mutu anayekunywa maji kwake, mama akipita pale anamugeuza mutoto uso, na ndoa ya binti yake ilivunjika kwa sababu isiyosemwa. Na mimi, nitasema yote, miaka mine hii sikuwahi kunywa maji kwa Dorica. Sikujiuliza sababu. Watu hawanywi, nami sikunywa.

Nilimukuta anapepeta unga. Nilimuuliza bila kuzunguka: mama, ulimukalia yule mutu au hukumukalia? Alipepeta mara tatu, mara nne, kisha akaweka ungo chini.

"Sijui tena, mwanangu," alisema. "Siku ile nilijua kwamba sikufanya. Lakini nilisema nimefanya, na wakanitendea kila siku kama mutu aliyefanya. Sasa nikilala ninaogopa nisije nikaenda mahali."

Basi. Nilitoka pale. Nilitembea moja kwa moja mpaka nyumbani kwa Chishimba, nikamukuta anakula, sikungoja amalize. Nilimuambia sitasema neno hata moja. Nilimuambia tena kwamba siendi Pweto mpaka nipimwe, na kama hanipimi nitajifunga kwa kamba kwenye tanuri langu, na wakitaka kunipakia watapakia na tanuri. Muke wake alicheka, akajificha na sahani. Nilimupa Chishimba masharti. Kesho saa sita, Lackson alale vilevile walivyomulaza, chali, na unga wao. Kijiji chote kiwepo. Mimi nitakaa juu ya kiti changu hatua kumi kutoka kwake, wanawake wawili wamenishika mikono.

Chishimba alisema mulozi haendi na mwili, anaenda na roho, mwili unaweza kukaa kitini. Nilikuwa nimelingojea neno hilo. Nilisema, sawa, lakini mutu ambaye roho yake imetoka hawezi kupiga maneno. Nitasema kuanzia atakapofumba macho mpaka atakapoamka. Sitanyamaza hata kumeza mate. Mukisikia nimenyamaza, basi, roho imetoka, nipakieni. Nafikiri alikubali kwa sababu chakula chake kilikuwa kinapoa.

Kesho yake saa sita ufuko ulijaa. Hata mashua mbili kutoka Kilwa, ile ya ng'ambo ya ziwa, zilifika, watu wamesikia. Wachuuzi wenzangu Wakongomani walisimama nyuma, kimya, maana wao ni wageni pia, na mugeni mwenzao akianguka wote wanaangukiwa. Lackson alilala chali juu ya ubao wake, akiwa na aibu, haniangalii. Wakamupaka unga. Eness alikaa upande wa kichwa chake na bakuli la maji ya kunawa, tayari kwa baadaye. Mimi nilikaa kwenye kiti changu. Wanawake wawili walinishika mikono, mumoja huku, mumoja kule, kama vile naolewa.

Nikaanza. Nilisema habari ya kukausha makobo tangu mwanzo. Namna ya kumupasua mugongoni na siyo tumboni. Namna ya chumvi, kwamba watu wa hapa wanatia kidogo kwa ubahili halafu wanalaumu nzi. Nilisema kuni gani zinafaa, kuni gani zinafanya samaki anuke dawa ya panya. Watoto walianza kucheka. Nilisema ni wavuvi gani wananifichia samaki waliooza chini ya wazima, nikawataja kwa majina, na hao nao hawakucheka. Mate yalikauka. Nikaendelea. Nilisema habari ya mujomba Fabien na kamba ya mutumbwi, mbele ya wote, mara mbili. Mutu mumoja alisema kwa Kibemba kwamba huyu mama hata roho yake ikitaka kutoka haipati nafasi ya kupita.

Kisha Lackson alitoa ile sauti.

Watu wote waligeuka. Macho yake yamefunguka, yanatazama juu, mwili hausogei, na kooni kile kilio chembamba. Mimi nilikuwa bado nasema. Nilisema kwa sauti ya juu zaidi: nitazameni, niko hapa, mikono yangu hii, midomo yangu hii, nani yuko kule? Wanawake walionishika walinishika kwa nguvu zaidi, lakini sasa nilisikia kwamba ni wao wanaojishikilia kwangu.

Eness aliinama kumutikisa mume wake. Lackson aliruka, akavuta pumzi kama mutu aliyetolewa majini. Ndugu zake wakamuinamia palepale. Desturi haingoji.

"Nani?"

Na Lackson, jasho limechanganyika na unga, akatazama uso uliokuwa karibu na uso wake kuliko nyuso zote, akasema: "Eness."

Eness aliangusha bakuli. Maji yalimwagika muchangani. Na niliona, nakwambia niliona kwa macho haya, ndugu za mume wakirudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja, wakimuachia nafasi kama vile amewaka moto. Mwanamuke aliyewazalia watoto watano. Aliyewapikia asubuhi ileile.

Nitasema jambo la aibu. Kitu kidogo ndani yangu kilifurahi. Kilitaka kumuambia: maneno matatu tu, Bana Mwewa, yaseme, uoge. Yalifika mpaka kwenye meno. Lakini alinitazama, na uso wake ulikuwa uso wangu wa siku ile ya mukutano, nikayameza.

Chishimba alikwisha kusimama. Alisema kwa sauti yake ya polepole kwamba, bon, Mama Germaine hayumo, jina limehama, na kwamba Eness sasa atachagua. Alikuwa ananiachia niende. Nilikuwa muzima, nilikuwa huru, na nyumba yangu ilikuwa yangu. Niliondoa mikono yangu kwa wale wanawake.

"Muulizeni tena," nilisema. "Lakini musimuulize nani. Muulizeni aliona nini."

Chishimba alisema haiulizwi hivyo. Nikasema leo itaulizwa. Nikapita katikati ya ndugu zake mpaka kwenye ule ubao, nikapiga magoti mbele ya Lackson. Alikuwa anamutazama muke wake na mudomo uko wazi.

"Bashi Mwewa," nilimuambia, kwa heshima, kwa jina la mutoto wake. "Ulipofungua macho, uliona sura ya Eness juu yako? Pua yake? Macho yake?"

Alitikisa kichwa. Kwanza polepole, kisha kwa nguvu, kama ng'ombe anayefukuza nzi. Alisema hakuona Eness. Ndugu yake mukubwa akamukatiza, akasema umemutaja, tumesikia wote. Na hapo Lackson, mutu mupole, mutu asiyepandisha sauti hata wavu ukikatika, alisimama na ule unga kifuani.

"Niliwataja kwa sababu muliniuliza," alisema. "Hakuna sura. Haijakuwako sura hata siku moja. Ni uzito tu, na giza, na hofu. Ninaamka, na ninyi wote munanipigia kelele nani, nani, nami natafuta jina. Leo Eness alikuwa karibu."

"Na mimi?" nilimuuliza. "Siku ile mimi nilikuwa mbali. Nilikuwa nyumbani kwangu nachoma moto."

Alitazama chini. Nilijua linalokuja litaniuma, na bado nilitaka lisemwe mbele ya watu.

"Siku moja kabla ulinieleza habari yake," alisema. "Nililala nayo kichwani. Na wewe ni mugeni, Mama Zelemeni. Jina la mugeni halina kaka wala shangazi wa kulizuia. Lilitoka lenyewe."

Eness alikaa chini muchangani, akafunika uso. Nilikwenda nikakaa naye, bega kwa bega. Hakuniomba musamaha wakati ule, na mimi sikumuambia kwamba yamekwisha, kwa sababu hayakuwa yamekwisha. Lakini nilimushika.

Watu walianza kusema. Kwanza chini chini, halafu kwa sauti. Muvuvi mumoja, Mubanga, alisema hata yeye kinamujia, kila anaporudi kutoka Puta amechoka, na hajawahi kumuambia mutu sababu aliogopa atamutaja nani. Mwanamuke mumoja alisema yeye kilipomujia aliona mbuzi. Nyuma kabisa, karibu na matete, nilimuona Dorica amesimama na mukono juu ya kinywa. Yeye hakulia. Alikuwa anamutazama Chishimba tu, na nafikiri Chishimba alilijua lile jicho, kwa maana alianza kufunga tena vifungo vilivyofungwa tayari.

Akainua mukono watu wanyamaze. Alisema maneno marefu ya amani na ujirani. Kisha akanigeukia na uso wa baba muzuri.

"Mama Germaine," alisema, "kijiji kimekusamehe. Unaweza kukaa."

Niliinuka pale nilipokuwa na Eness, nikarudi kwenye kiti changu, nikakaa.

"Shefu," nilisema, "musinisamehe. Mutu anasamehewa alichofanya. Semeni kwamba mulikosa."

Alisema mambo yamekwisha, watu waende kula. Nikasema waende, mimi sina njaa. Akasema nimeshinda, nataka nini zaidi? Nikasema nataka neno lake, neno moja tu, yeye aliyetaka matatu kwangu. Alitabasamu kama mutu anayengojea mutoto achoke kulia. Nami nikakaa. Hakuna aliyeondoka. Lackson alikuja, unga wake bado kifuani, akakaa chini upande wa kuume wa kiti changu na kusema kwa sauti kwamba yeye alikosa. Eness akaja akakaa upande mwingine. Kisha Dorica alitoka kule kwenye matete, akapita katikati ya watu waliomupisha kwa hofu yao ya zamani, akakaa mbele ya Chishimba kabisa, miguu imenyooshwa kama mutu aliye na muchana mzima.

Jua lilikuwa kali. Koti la kanisani lilianza kulowa mugongoni. Alitazama ziwa, akatazama muke wake, na muke wake alitazama pembeni. Mwishowe alisema kitu kwa Kibemba, chini chini, ndani ya kola.

Nilimuambia arudie kwa Kiswahili, ili wenzangu wa ng'ambo wasikie.

"Tulikosa," alisema Chishimba. "Kwako. Na kwa Dorica."

Hapo ndipo niliinuka.